Betri za Drili na Mashine Nyingine Zisizo na Waya: Kutafuta Kasoro, Kufufua na Kubadilisha

Betri ya drili inapokataa kazi hapa Lamu, mwenyewe huelekezwa kwenye njia mbili, nazo zote zina gharama: kuagiza nyingine kutoka Mombasa au Nairobi na kuingoja hadi ivushwe kutoka Mokowe, au kumkabidhi mtu aliyeona kwenye simu namna ya kuiamsha kwa nyaya mbili. Mwongozo huu unashika njia ya tatu, ambayo ni kupima kabla ya kutoa pesa na kabla ya kufungua kitu chochote. Betri inayoitwa imekufa huenda ikawa imeshikwa na chumvi tu kwenye vibati vyake. Huenda seli moja kati ya tano, yaani vijibetri vilivyomo ndani ya ganda, ndiyo inayoziangusha nyingine. Na huenda pia imefika mahali ambapo kuifufua kunawezekana lakini hakufai. Hali hizi tatu hufanana kwa nje, na kinachozitenganisha ni vipimo.

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ya kawaida inayoonyesha volti kwa desimali mbili, bisibisi ya nyota, ambayo mara nyingi ni ile yenye tundu katikati, spiriti safi, mswaki wa meno uliochakaa, na mizani ndogo ya jikoni au ya dukani.

Namba za kuanzia

Betri nyingi za mashine za siku hizi ni za lithiamu. Seli moja ya aina hii huhesabiwa kuwa na volti 3.6, hujaa ikifika 4.2, na haipaswi kushushwa chini ya takriban 2.5. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizofuatana, au seli kumi zilizopangwa mbilimbili katika makundi matano, kwa hiyo ikijaa husoma karibu 21, na ikifika 15 inapaswa kurudishwa kwenye chaja. Ile inayoandikwa volti 20 kwa soko la Marekani ni hiyo hiyo ya 18; tofauti ni kwamba mmoja ametaja volti ya kazini na mwingine ametaja ya betri iliyojaa. Betri za zamani za nikeli zina seli za volti 1.2, ndiyo maana ya volti 12 ina seli kumi na ya 18 ina seli kumi na tano. Aina ya betri huandikwa kwenye ganda lake kwa herufi Li-ion (lithiamu), NiCd au NiMH (zote mbili za nikeli), na isomwe kabla ya jambo lingine, kwa kuwa dawa ya moja ni hatari kwa nyingine.

Chaja inasema imejaa, lakini mashine haizunguki

Kabla ya kuilaumu betri, itiwe kwenye mashine nyingine ya aina hiyo hiyo, na mashine inayolaumiwa ipewe betri nyingine nzima. Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini swichi iliyojaa vumbi la mawe ya matumbawe na chokaa, au kaboni za mota zilizokwisha, humfanya mtu anunue betri asiyoihitaji. Mafundi wanaotoboa kuta za nyumba za kale wanalijua vumbi hilo. Ni laini kama unga na huingia kila mahali.

Ikithibitika kuwa kasoro iko kwenye betri, vitazamwe vibati vya shaba vinavyogusana na mashine. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, kwa hiyo kibati hupata utando wa kijani au mweusi ambao unapitisha umeme kidogo wa kutosha taa ya chaja, lakini haupitishi ampea nyingi ambazo mota inazitaka inapoanza. Utando huo husuguliwa kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, na ukiwa mgumu husuguliwa kwa kipande kidogo cha msasa laini kilichokunjwa, pasi na kugusisha vibati viwili kwa pamoja. Upande wa mashine nao usafishwe, maana uchafu huhama. Mafuta ya kupikia na grisi nzito visipakwe hapo kabisa, kwa kuwa huganda pamoja na vumbi na kuwa kizuizi kipya. Kwa fundi anayeshinda ufukoni Matondoni au Shela akitengeneza vyombo, usafi huu ufanywe kila mwezi bila kungoja dalili.

Chaja inakataa kuanza, au inamwekamweka taa nyekundu

Dalili hii ina sababu nyingi kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira.

Sababu ya kwanza ni joto. Ndani ya betri mna kidude kinachopima joto, na chaja nyingi hazikubali kuanza ikiwa seli zimepita nyuzi 45 au 50 za Selsiasi. Betri iliyotoka kutoboa jiwe adhuhuri, au iliyoachwa kwenye sanduku la bati ndani ya mashua, hupita hapo kwa urahisi. Iwekwe kivulini penye upepo kwa nusu saa au zaidi, kisha ijaribiwe tena. Isitiwe kwenye friji, kwa sababu ikitolewa humo unyevu wa hewa utageuka matone ndani ya ganda, na kasoro ndogo itazaa kubwa.

Sababu ya pili ni umeme wenyewe. Chaja zilizoandikwa volti 120 peke yake, ambazo huletwa pamoja na mashine kutoka Marekani, haziwezi kuchomekwa kwenye soketi zetu za volti 240. Huungua papo hapo, na bila transfoma ya kupunguza volti hazina matumizi hapa. Kwenye nyumba zinazotegemea sola, inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi huweza kuifanya chaja ipate moto, ivume au iache kazi katikati. Chaja inayosumbua ijaribiwe kwenye soketi ya umeme wa kawaida kabla ya kuhukumiwa. Ikumbukwe pia kwamba kuipima chaja tupu kwa multimita na kukuta sifuri hakuthibitishi kuwa imeharibika, kwa kuwa chaja nyingi hazitoi umeme mpaka zitambue betri.

Sababu ya tatu, na hapa ndipo kufufua kunapoingia, ni betri iliyoshuka mno. Betri iliyotumika hadi ikaisha, kisha ikawekwa kabatini msimu mzima wa kusi kazi zikiwa chache, huendelea kushuka polepole mpaka inapita chini ya kiwango ambacho chaja inakubali. Kukataa huko si ukaidi wa chaja. Seli ya lithiamu inapokaa muda mrefu ikiwa imeshuka mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na inapochajiwa tena shaba hiyo huweza kuganda mahali pasipo pake na kuunganisha pande mbili zilizopaswa kutengana. Seli ya namna hiyo huweza kuonekana imepona na kuja kuwaka moto baadaye.

Kwa hiyo hukumu itolewe kwa kipimo cha kila kundi la seli, wala si kwa jumla. Ganda lifunguliwe na mtu aliyevua pete, bangili na saa, akiwa amefunika vibati vikubwa kwa utepe wa umeme. Volti 18 hazimrushi mtu, lakini seli hizi zikiunganishwa na chuma kimoja kwa bahati mbaya hutoa ampea nyingi za kuyeyusha bisibisi. Kila kundi lipimwe kutoka mkanda mmoja wa nikeli hadi unaofuata na volti ziandikwe. Kundi lenye volti 2.0 hadi 2.5 linaweza kujaribiwa. Lililo kati ya 1.5 na 2.0 lijaribiwe tu ikiwa inajulikana kwamba limeshuka karibuni. Lililo chini ya 1.5 kwa muda mrefu liachwe, hata kama jirani anaapa kuwa yake ilipona.

Njia inayosambazwa sana kwenye simu, ya kuunganisha betri iliyojaa na iliyokufa kwa nyaya mbili kwa sekunde kadhaa, siipendekezi. Katika muungano huo hakuna kitu kinachozuia wingi wa umeme unaopita. Kinachoamua ni unene wa waya na bahati ya mtu. Njia iliyo salama zaidi ni kulichaji kundi moja moja kwa bodi ndogo ya kuchaji seli moja, ya aina ya TP4056, ambayo mafundi wa simu wanayo na hutumia adapta ya kawaida ya volti 5. Bodi hii ikikuta seli iko chini ya volti 2.9 huanza kwa mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya ule wa kawaida, kisha huongeza mkondo huo seli ikishapanda na kuacha ikifika 4.2. Makundi yasichajiwe kwa bodi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa yameungana. Kazi hii ifanyike juu ya sakafu ya saruji au jiwe, mbali na makuti na mikeka, na mtu awe karibu muda wote. Seli ikipata moto wa kuhisika mkononi wakati mkondo bado ni mdogo, kazi isimame hapo hapo.

Baada ya makundi yote kufika kiwango kimoja, betri ipumzishwe siku nzima ikiwa haijaunganishwa na kitu, kisha ipimwe tena. Kundi lililoshuka kwa sehemu ya kumi ya volti au zaidi ilhali mengine yamesimama linavuja ndani, na betri hiyo haifai. Ziko pia betri ambazo bodi yake ya ulinzi, yaani ile iliyomo ndani ya ganda ya kukata umeme kukiwa na hatari, hukumbuka hitilafu na kujifunga. Hizo seli zake huweza kuwa nzima kabisa na chaja bado ikakataa, na dawa yake ni bodi mpya au kuhamishia seli kwenye ganda jingine.

Inajaa upesi na inaisha upesi

Hapa ndipo wengi hudanganywa na kipimo cha jumla. Chukua betri inayosoma volti 17.6. Ukigawanya kwa tano unapata 3.52 kwa kila kundi, na unaweza kusema iko katikati, haina neno. Ikifunguliwa, makundi manne yanasoma 3.9 kila moja, na la tano linasoma 2.0. Mashine inapovuta umeme, kundi hilo la tano huanguka mara moja na bodi ya ulinzi hukata, hata kama manne bado yana nguvu. Wakati wa kuchaji mambo hugeuka: chaja inayotazama jumla peke yake ikifikisha 21 huku kundi dhaifu likiwa na 3.7, yale manne yamesukumwa hadi wastani wa 4.3, ambao umepita mpaka wa usalama. Kasoro moja inakula seli nzima zilizo jirani yake kama ng'ombe mgonjwa zizini.

Ikiwa tofauti kati ya kundi la juu na la chini ni ndogo, tuseme chini ya nusu volti, kundi dhaifu lisawazishwe kwa bodi ile ya seli moja na betri irudishwe kazini kwa majuma kadhaa. Tofauti ikirudi, kundi hilo limechoka na kusawazisha ni kuahirisha tu.

Makundi yote yakiwa sawa na bado kazi haidumu, betri imezeeka kwa jumla. Seli nyingi za kawaida hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji, na joto hufupisha umri huo. Uwezo uliobaki unaweza kupimwa kwa balbu ya lori ya volti 24 na wati 70, ambayo hupatikana bara, kisiwani kwetu malori yakiwa hayana kazi. Balbu hiyo ikiunganishwa na betri ya volti 18 huvuta karibu ampea 2.5, kwa hiyo betri ya Ah 5 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) iliyojaa inapaswa kuiwasha kwa takriban saa mbili. Ikiiwasha dakika 40 na kufika volti 15, imebakiwa na thuluthi ya uwezo. Balbu haina ulinzi wa kukata, hivyo multimita iwe imeunganishwa na mtu awe anaitazama. Mwanzoni mwa jaribio hilo hilo pana kipimo kingine cha bure: volti zikianguka kwa desimali chache balbu inapowaka, seli bado zina afya, zikianguka volti mbili au zaidi, ukinzani wa ndani umepanda. Betri ya namna hiyo huweza kufunga skrubu ndogo kwa muda mrefu, lakini ikipewa kazi ya kutoboa mbambakofi husimama katikati ya tundu.

Inaisha yenyewe ikiwa imewekwa

Betri nzuri ya lithiamu hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Ikiisha ndani ya juma, ama kuna seli inayovuja, ama unyevu wenye chumvi umefanya njia juu ya bodi, na bodi hiyo husafishwa kwa spiriti na kukaushwa kabla ya kupimwa upya. Betri isiyotumika ihifadhiwe ikiwa nusu, yaani karibu volti 18 hadi 18.5, mahali penye baridi kiasi. Kuihifadhi ikiwa imejaa ndani ya chumba cha bati ndiyo njia ya haraka ya kuizeesha.

Imeanguka baharini, inanuka, au ganda limebadilika umbo

Haichajiwi, haifufuliwi. Maji ya bahari hupitisha umeme na hula vibati na bodi kwa haraka, na moto huweza kutokea saa nyingi baada ya betri kukauka kwa nje. Iwekwe uwanjani kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, kwa siku kadhaa. Harufu tamu ya kemikali ni dalili kwamba umajimaji wa seli umetoka, na hapo dirisha lifunguliwe na mikono ioshwe. Katika mji ambao vichochoro vyake vinapitisha punda kwa shida, na mapaa ya makuti yamepakana, jambo hili halina majaribio.

Betri za zamani za nikeli

Kufa kwake mara nyingi ni kwa seli moja au mbili zinazosoma sifuri kwa sababu ya chembe za fuwele zilizotoboa kitenganishi cha ndani. Kuzipiga umeme mkubwa kwa muda mfupi huchoma chembe hizo na seli huamka, lakini kwa kuwa tundu limebaki, uhai huo ni wa muda mfupi. Umoja wa Ulaya uliondoa ruhusa ya betri mpya za nikeli na kadimiamu kwa mashine za mkono mwishoni mwa 2016, kwa kuwa kadimiamu ni sumu, na vipuri vyake vinazidi kuwa adimu. Kuziweka seli za NiMH mahali pake kunawezekana ikiwa chaja si ile ya zamani inayotumia saa peke yake, ambayo itazipasha moto kupita kiasi. Seli za lithiamu hazichajiwi kwa chaja ya nikeli hata kidogo.

Kununua nyingine au kujenga upya

Kubadilisha seli kuna maana pale ambapo ganda na bodi ni vizima na mashine yenyewe ni nzuri. Seli zote zibadilishwe kwa pamoja, ziwe za aina moja, na ziwe zimetengenezwa kwa mkondo mkubwa, kwani seli za taa au za kompyuta mpakato zina uwezo lakini hazina nguvu ya ghafla. Zichomelewe kwa mashine ya nukta, ile inayoshika chuma kwa nukta moja moja kwa kufumba na kufumbua, na mkanda wa nikeli. Kulehemu moja kwa moja juu ya seli huingiza joto ndani na kuharibu kitenganishi. Seli ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa kawaida haizidi takriban mAh 3,500 (yaani Ah 3.5), hivyo inayojiita 9,900 imekwisha kujishtaki yenyewe.

Mizani husema kweli zaidi ya lebo. Seli halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48, kwa hiyo betri ya seli kumi, pamoja na ganda, haiwezi kuwa chini ya nusu kilo. Zile zinazotumia seli tano kubwa za 21700 ni nyepesi kiasi, na muuzaji mwaminifu huzitaja. Namba kama 88 au 98 zilizopigwa kwa herufi kubwa kwenye baadhi ya mashine si volti, na ndani mara nyingi mna seli tano tu. Kuongeza Ah hakuna madhara mradi volti na umbo ni yale yale. Vipachiko vya kuvalisha betri ya kampuni moja kwenye mashine ya nyingine vitumiwe kwa uangalifu, kwa sababu baadhi ya kampuni zimeweka ulinzi wa kushuka kwa volti ndani ya mashine badala ya betri, na kipachiko hukata mawasiliano kati ya hizo mbili.

Anayeagiza kwa ndege hadi Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, azidishe volti kwa Ah: 18 mara 5 ni wati-saa 90, na kanuni za usafiri wa anga huruhusu betri za ziada zisizozidi 100 kwenye mkoba wa mkononi wa abiria, si kwenye mzigo wa chini; ya Ah 6 inafika 108 na huhitaji idhini ya shirika la ndege. Betri zilizokufa, vibati vyake vikiwa vimefunikwa kwa utepe, zikusanywe na kupelekwa kwa wanaopokea taka za kielektroniki, kama Kituo cha WEEE jijini Nairobi, na zisichanganywe na taka za nyumbani zinazochomwa.